Viatu vya Wenceslas

Wenceslas alikufa Jumatatu asubuhi, katika daftari la kumi na tisa, ukurasa wa thelathini na moja, na Laurence alipomaliza kumwua aliweka kalamu chini akala ndizi mbili mbivu. Hakulia. Aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akarudi kwenye cherehani kumalizia sketi ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Kifo kilikuwa kizuri. Alijua ni kizuri, na hakuona sababu ya kujifanya hajui.

Wenceslas hakuwa mtu wa damu na nyama. Alikuwa dereva wa lori katika mchezo wa redio, "Njia ya Walikale", uliokuwa ukisikika kutoka Bukavu kila Jumapili mchana. Huku Kamembe, ng'ambo hii ya ziwa, waliupenda hasa wale waliokulia Kongo wakarudi Rwanda baada ya mwaka wa tisini na nne. Oktoba ya tisini na sita lori lilikwama matopeni, dereva akamgeukia tandiboi wake, yaani utingo, akasema, "Nikikuambia kitu..." Kipindi kikaishia hapo. Jumapili iliyofuata vita vilikuwa vimeingia Bukavu, redio ikanyamaza, na mchezo haukurudi tena.

Unadhani watu walisahau? Wasahau wapi! Wanawake wa soko la Kamembe walibishana miezi mizima: lori lilitoka au halikutoka? Na alitaka kumwambia nini yule tandiboi? Laurence Mukamurenzi, fundi cherehani mwenye kibaraza chake pembeni mwa soko, alichoka kusikia watu wakikisia vibaya. Akanunua daftari la shule la kurasa arobaini na nane, akalitoa lori matopeni mwenyewe. Tangu siku ile hadi mwaka huu wa elfu mbili na moja hakuwa ameacha.

Alikuwa na utaratibu wake, na aliulinda kuliko mkasi wake. Kusoma alisoma chochote: gazeti lililofungiwa sabuni, vitabu vya darasa la tano vya binti yake Isimbi, karatasi za maelezo ya dawa. Alisoma akiwa amesimama na alianza na ukurasa wa mwisho, kwa sababu hakupenda kupanda gari asilojua linakoelekea. Kuandika aliandika asubuhi tu, baada ya kupiga pasi ya kwanza, wakati mkaa bado una moto na mteja hajafika. Daftari lilikaa juu ya meza ya kukatia nguo, kati ya chaki na futi. Kalamu ilikuwa ya bluu, moja tu. Na hakufuta neno. Wanawake walipomwomba amrudishe fulani au amwondoe fulani, aliwajibu kwamba kitambaa kikishakatwa kimekatwa.

Kuazima daftari kulikuwa na bei, lakini si ya pesa. Aliyetaka kusoma au kusomewa alitoa kipande: jambo moja dogo alilokuwa akilifanya mwanamume wake ambaye sasa hayupo. Wanaume wasiokuwepo hawakuwa wachache miaka ile. Mmoja alikuwa akila ugali kuanzia katikati. Mwingine hakuweza kufunga mlango bila kurudi kuusukuma tena. Laurence aliviunganisha vipande hivyo kama mtu anayeshona blanketi la mabaki, mpaka Wenceslas wa redio, ambaye alikuwa sauti nene na honi tu, akawa mtu unayeweza kumtambua kwa mgongo. Nyuma ya kila daftari aliandika orodha: kipande, na jina la aliyekitoa. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya fundi, kujua kitambaa kimetoka kwa nani.

* * *

Jumanne ilikuwa siku ya kusoma. Msomaji alikuwa Umurerwa, muuza nyanya mwenye sauti ya kufika mbali, na wasikilizaji walikaa chini ya banda wakichambua maharage. Laurence hakwenda kukaa nao kamwe. Alibaki kibarazani kwake, mguu kwenye pedali, sikio likiwa bandani.

"'Alivua viatu vyake,'" Umurerwa alisoma, "'akavigeuza, soli zikaangalia juu, akavilaza sambamba kando ya mkeka. Kisha akajilaza na yeye. Asubuhi viatu vilikuwa vile vile, na Wenceslas alikuwa vile vile.'"

Hakuna aliyechambua tena. Mmoja akafuta pua kwa ncha ya kitenge, wa pili akafuata, na baada ya muda mfupi banda zima lilikuwa likilia.

"Maman Isimbi, weye uko mubaya!" mmoja alipiga kelele kuelekea kibarazani. "Myaka tano tunamulisha, unamuua na homa?"

"Ulitaka nimuue na nini?" Laurence alijibu bila kuinua kichwa. "Simba?"

Mmoja tu hakulia. Alikuwa Mukabaranga, mama mtu mzima aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwa Laurence, ambaye kila Jumanne aliketi juu ya kreti ileile. Alimwomba Umurerwa arudie mahali pa viatu. Umurerwa akarudia. Mama yule alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka, maharage yake yakabaki kwenye ungo. Laurence alimtazama akipita, akaona hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko machozi ya wengine wote. Hapo alikosea.

* * *

Jumatano saa nne asubuhi mume wa Laurence alifika kibarazani, na haikuwa kawaida yake. Karangwa alikuwa seremala, tena alikuwa nyumbakumi, yaani msimamizi wa nyumba kumi za mtaa. Alikuwa na daftari lake la serikali ambamo aliandika anayezaliwa, anayehamia, mgeni anayelala na mtu anayekufa. Alikuwa mtu wa taratibu, na siku ile alikuwa amekunja uso.

"Kuko moto ya kilio kwa Maman Mukabaranga," alisema. "Batu banaikaa inje, ba kanisa balisha leta mabenchi. Banasema Habineza alikufa."

Habineza alikuwa mtoto wa pekee wa yule mama. Familia iliporudi Rwanda yeye alibaki Bukavu amalizie kazi yake ya umakanika, na vita vya tisini na sita vikamkuta kule, wakati watu wa kabila lake walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba. Tangu hapo hakuna aliyemsikia.

"Masikini!" Laurence alisema, mkono kifuani. "Nani alileta habari?"

"Weye."

Mguu wa Laurence ulisimama juu ya pedali.

"Minaenda kule na daftari yangu," Karangwa aliendelea, akijitahidi sauti isipande kwa sababu wauza nyanya walikuwa wameshageuza shingo. "Muntu akikufa mu nyumba zangu kumi, mi njo naandikaka. Nauliza: alikufa siku gani? Alikufia wapi? Nani alimuona? Banacheka, Maman Isimbi. Banasema, nenda kauliza bibi yako, iko mu kaye yake, ile daftari yake. Mi mwanaume muzima niandike nini mu kitabu ya serikali? Ukurasa wa makumi tatu na moja?"

"Ule ni Wenceslas," Laurence alisema. "Kila muntu anajua ni Wenceslas."

"Basi enda umuambie ule mama. Na ukirudi, ile makaye yako yote ipate mwisho. Nimechoka kuchekwa."

Karangwa alipoondoka, Laurence alikata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa mbele yake. Kilichomuuma hakikuwa maneno ya mumewe. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka mitano alijisifu kuwa anamfanya Wenceslas aonekane mtu wa kweli, na sasa amefanikiwa.

* * *

Moto wa kilio ulikuwa katikati ya ua, na majirani walikuwa wameketi wakizungumza kwa sauti ya chini. Laurence alipoingia walinyamaza. Mmoja alivuta watoto wake karibu. Alipita katikati yao akiwa ameinua kichwa, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kupita mbele ya watu, akaingia ndani alikokuwa Mukabaranga, chini kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani.

"Maman, unisamehe," Laurence alisema akipiga magoti. "Mi nilitunga tu. Sijue kitu juu ya Habineza. Naapa mbele ya Mungu."

Mukabaranga alimtazama kwa upole uliomtisha kuliko hasira.

"Kipande yangu unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Akisikia njaa hasemake. Anapigaka muluzi."

"Njo ile nilikupa. Ile moja tu. Viatu nilikuambiaka?"

Laurence alitikisa kichwa.

"Akiwa kadogo alikuwa anaogopa kulala," mama yule alisema. "Nikamuambia: kiatu ikiangalia chini iko tayari kutembea. Igeuze, ikuone weye, basi itakungojea mupaka asubuhi. Ni mi mwenyewe nilitunga ile maneno, mwana, siku moja mvua inanyesha. Hakuna mutu mwingine mu dunia hii anafanyaka vile. Njo nakuuliza, na usinidanganye: ulimuona wapi mutoto wangu?"

Laurence aliikumbuka orodha nyuma ya daftari. Alimshika yule mama mikono yote miwili, akamwambia ampe muda mpaka Ijumaa. Kisha akatoka mbio, na safari hii hakuona ni nani aliyekuwa akimtazama.

Madaftari yalikaa nyumbani, ndani ya debe la mafuta lililokatwa mdomo. Akalitoa la kumi na tisa, akafungua nyuma, akapitisha kidole juu ya orodha yake. Kula ugali kutoka katikati: Umurerwa. Kuogopa kinyozi: mke wa mchunga mbuzi wa Gitambi. Kugeuza viatu: Maman Mukengere, muuza vitenge wa Bukavu.

* * *

Alhamisi alikuja Munyaneza, kiongozi wa seli, ngazi ya serikali iliyo juu ya nyumbakumi. Alikaa sebuleni, akakubali chai na hakuinywa. Mbele yake kulikuwa na daftari la kumi na tisa, ambalo alilifungua kwa vidole viwili, na muda wote alizungumza na Karangwa kana kwamba Laurence alikuwa kabati.

"Papa Isimbi, huyu bibi yako anazungumzaka na nani kule ng'ambo?"

"Ananunua vitenge," Karangwa alisema.

"Vitenge havina habari za watu waliopotea. Siku hizi mtu akiwa na habari za kule, kwanza tunamuuliza imepitia kwa nani." Aligeuza ukurasa. "Jumamosi, watu wakimaliza kazi ya pamoja ya umuganda, nataka jambo hili liishe mbele ya wote. Ama ni uongo, na yeye mwenyewe aseme ni uongo, na haya makaye yachomwe palepale. Ama ni kweli, na ataje aliyemuambia."

"Si uongo na si habari," Laurence alisema. "Ni hadithi."

Munyaneza alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mama, kwa hiyo hadithi yako kuna mtu amewasha moto wa kilio."

Laurence alitazama chini. Daftari lilikuwa limefunguka kwenye orodha, na jina la Mukengere lilikuwa nusu kidole kutoka kwa mkono wa kiongozi. Mwanamke yule huvuka daraja kila Ijumaa na furushi lake la vitenge. Akitajwa leo, kesho atangojwa mpakani, ataulizwa alimjuaje mtu wa Kamembe na kwa nini alinyamaza. Laurence alinyoosha mkono, akalichukua daftari mbele ya Munyaneza, akalifunga, akaliweka mapajani.

"Jumamosi nitasema," alisema.

Mgeni alipoondoka, alingoja mumewe aanze. Karangwa aliinuka, akaimwaga ile chai ambayo haikunywewa, akarudi akasimama mlangoni.

"Ulificha jina," alisema.

"Ndiyo."

"Ni ya nani?"

"Mutu mwenye hakufanya mubaya."

Karangwa alilitazama lile daftari mapajani mwa mkewe. Alikuwa mtu wa taratibu, lakini alikuwa amekulia Bukavu pia, na alijua ni majina mangapi yaliyowahi kutajwa sebuleni na hayakurudi nyumbani.

"Kesho tunaenda pamoja," alisema.

* * *

Mpaka wa Rusizi ya Kwanza, siku ya Ijumaa, hauna pa kuweka mguu. Wanawake wa Bukavu wanashuka na vitenge na sabuni, wa Kamembe wanapanda na nyama na nyanya, na wabeba mizigo wanapiga kelele katikati. Laurence, Karangwa na Mukabaranga walisimama kando ya njia, juu kidogo ya daraja. Mukabaranga alikuwa hajafungua kile kitambaa cheusi. Watu waliomjua walimpisha.

Maman Mukengere alitokea saa tatu, mwanamke mfupi wa Nyangezi, nje kidogo ya Bukavu, furushi kichwani, akimwambia mbeba mizigo aliyemgonga maneno ambayo hayaandikiki. Alipomwona Laurence akacheka.

"Maman Isimbi! Unanifuata mupaka huku? Bitenge yako niko nayo."

"Sikukuja juu ya bitenge," Laurence alisema. "Viatu, Maman. Kipande ya viatu. Ilikuwa ya bwana yako?"

Kicheko kikaondoka. Mukengere alimtazama Karangwa, akatazama kitambaa cheusi, akateremsha furushi polepole na kukaa juu yake.

"Haikukuwa ya bwana yangu," alisema. "Ilikuwa ya mugeni."

"Mugeni gani?"

"Maman Isimbi, juu ya nini unaniuliza kitu yenye unajua? Ile kaye ya kwanza banasoma, nasikia Wenceslas akikuwa na njaa anapiga muluzi. Nikasema, heee, huyu mama alimujua muntu wangu! Njo maana nilikupa viatu. Nilijua utafurahi."

"Na hukusema kitu?"

"Uliniomba kipande. Hukuniomba habari."

Mukabaranga aliketi chini, mavumbini, mbele ya furushi, magoti yao yakagusana. Alimshika Mukengere kidole kimoja tu, kama mtoto anayevushwa barabara, naye Mukengere akasema yote kwa sauti ya chini, akimtazama yeye peke yake.

Kijana alifika kwake Nyangezi kwa miguu, Oktoba ile, usiku wa mvua. Mukengere akamweka kwenye chumba cha mbuzi, na mbuzi akawahamishia jikoni. Watu wenye silaha walipita mara mbili, mara mbili akawaambia hana mwanamume nyumbani isipokuwa yule wa kwenye picha. Jina ambalo kijana alimtajia lilikuwa Wenceslas.

"Wenceslas!" Mukengere alisema. "Na redio ilikuwa imenyamaza hiyo hiyo mwezi. Nikamuambia, mutoto, hata uongo unashindwa kutafuta? Akacheka. Mangaribi alikuwa anaendeleshea batoto yangu ile muchezo. Unajua ile neno dereva alitaka kuambia tandiboi? Beye balikuwa banamusumbua kila siku: alitaka kusema nini? Mwisho akabaambia: alitaka kusema, nikikuambia kitu, vua viatu unisukumie lori, acha kunitazama."

Mlio ulimtoka Mukabaranga, na Laurence alidhani ni kilio. Kilikuwa kicheko.

"Njo yeye," alisema. "Njo yeye kabisa. Asante Mungu wangu, njo yeye."

Kisha akalia, kwa sauti, mpaka wabeba mizigo wakashusha mizigo yao. Karangwa aligeukia mto. Desemba ile homa ilikuwa imemshika kijana, Mukengere alieleza, na njia ya hospitali ilikuwa imefungwa. Asubuhi ya siku ya tatu alikuta viatu vimegeuzwa kando ya mkeka kama kawaida, na mwenyewe hakuamka. Akamzika nyuma ya migomba, pamoja na jirani mmoja ambaye naye ameshakufa. Viatu hakuvizika. Alivihifadhi darini, kwa sababu alijua kuna mtu atakuja kuviulizia siku moja.

"Nilingoja wee," alisema, akimfuta yule mama machozi kwa ncha ya kitenge kipya cha kuuzwa. "Nilingoja sana, Maman. Sikukujua jina."

* * *

Jumamosi, umuganda ulipokwisha, watu waliketi kwenye nyasi na majembe yao, na Munyaneza akauliza ni nani mwenye neno. Laurence alianza kusimama. Mkono ulimshika begani ukamrudisha chini.

"Mutoto wangu aliitwa Habineza," Mukabaranga alisema akiwa amesimama peke yake. "Alikufa Nyangezi, mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa makumi kenda na sita. Alikufa na homa, hakupigwa. Niliambiwa na mwenye alimuzika. Jina yake sisemi, hata mukinifunga. Sina kilio ya uongo. Kilio yangu ni ya kweli, ila ilichelewa myaka tano."

Watu walimtazama Munyaneza. Munyaneza akafungua mdomo, lakini kabla hajasema Karangwa alikuwa ameshasimama, daftari la serikali mkononi, kalamu tayari.

"Tarehe, Maman?" aliuliza.

"Kumi na inne."

Aliandika taratibu, mbele ya wote, akapuliza wino, akafunga. Kiongozi wa seli alitazama majembe yote yale na wenye majembe, akakohoa, akasema kwamba sasa waongee habari ya mfereji. Kuhusu madaftari ya Laurence hakusema kitu, na Karangwa pia, tangu siku hiyo, hakusema.

* * *

Jumatatu asubuhi pasi ilikuwa bado ya moto. Laurence alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia, daftari jipya likiwa wazi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano hakujua aandike nini. Wenceslas alikuwa amekufa, na alikuwa amekufa vizuri.

Mukabaranga aliingia kibarazani bila kitambaa cheusi. Chini ya kwapa alikuwa na jozi ya viatu vya ngozi iliyokauka, kwa kuwa Mukengere alikuwa amevuka tena Jumapili, safari ya kuleta viatu tu. Akaviweka juu ya meza, kati ya chaki na futi, kisha akavuta kiti cha wateja.

"Andika," alisema.

"Niandike nini, Maman?"

"Arudi kwake."

Laurence alimtazama. "Alikufa, Maman. Wote walisikia. Na mi sifutake."

"Nani alikuambia ufute? Ule ukurasa uache, ni wa kweli. Mi najua pahali mutoto wangu iko, nitapeleka maua. Lakini myaka tano nilikuwa naogopa kumuona anarudi mu kichwa yangu, juu nilisema, nikimuona na hakurudi, nitapasuka. Sasa siogope tena. Njo nataka kumuona." Alijipangusa kiganja kwenye kitenge. "Bei nalipa. Kipande iko hii: akitoka safari haingiake mu nyumba na miguu michafu. Anaitishaka maji kutoka njiani, mi nabeba bassin, ananawa inje. Hata akiwa mukubwa. Hata na ndevu."

Laurence alivuta daftari, akachukua kalamu ya bluu, akaandika akiwa amesimama. Alipomaliza alisoma kwa sauti, na Umurerwa huko bandani akaacha kupanga nyanya ili asikie.

"'Lori lilisimama mbele ya nyumba saa saba mchana. Maman, leta maji, Wenceslas alisema kutoka njiani.'"

Mukabaranga alikuwa amefumba macho. Akatikisa kichwa.

"Hasemake vile. Yeye anapigaka kelele. Majirani bote banasikia."

Laurence alilitazama lile neno, "alisema". Akalikata kwa mstari mmoja wa bluu, mstari wa kwanza katika madaftari ishirini, na juu yake akaandika "alipiga kelele". Kisha akasoma tena, kwa nguvu zake zote, mpaka soko zima likageuka.

"'Maman! Leta maji!'"

Na Mukabaranga, macho yakiwa bado yamefumba, akainuka kwenye kiti.